Gari la fundi sola: pima sakafu kabla ya kusikiliza injini

Swali: Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme wa Kimara, na kwa miaka mitatu sasa kazi yangu kubwa ni kufunga sola. Nina vijana wawili. Tunazunguka Dar, Kibaha na Bagamoyo, na mara moja au mbili kwa mwezi tunakwenda Morogoro. Mpaka leo nakodi kirikuu au Noah, na kodi inakula faida yote. Nimejikusanyia pesa ya kununua gari la mzigo lililotumika. Yadini nimeonyeshwa Hiace Super GL ya dizeli, inang'aa kama mpya. Dalali mwingine ana Hiace DX ya petroli, lita 2, haina hata zulia. Rafiki ananisukuma kwenye Nissan Caravan kwa kuwa bei yake ni nafuu. Na kaka yangu aliyeko Birmingham anasema huko Ford Transit na Sprinter zinauzwa bei ya kutupa, na usukani wake uko kulia kama wetu. Nichukue lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenitajia magari matano, dizeli, petroli, bei na mng'aro. Hujanitajia paneli hata moja. Nina zaidi ya miaka 20 nikikagua na kurekebisha magari ya mzigo, na mafundi wengi wanaokuja kwangu na majuto hawaji na injini mbovu. Wanakuja na gari zima, zuri, ambalo kazi yao haiingii. Kwa hiyo kabla ya kujadili yadi ya nani, tupakie kwanza mzigo wako hapa kwenye karatasi.

Paneli ya wati 550 unayofunga siku hizi ina urefu wa karibu mita 2.28, upana wa karibu mita 1.13, na uzito wa kilo 28 hivi. Hiace ya umbo hili tulilolizoea, lililotoka Japani mwaka 2004, bodi yake ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Vipimo hivyo vilikatwa makusudi: Japani gari dogo la mzigo likizidi mita 4.7 kwa urefu au 1.7 kwa upana linahamia kundi la magari makubwa. Kwa sababu injini imekaa chini ya viti vya mbele, gari zima lililobaki nyuma ni sakafu. Katika DX yenye viti vya mbele tu, sakafu hiyo ina urefu wa mita 3 kamili, na kutoka sakafuni hadi darini ni kama mita 1.33.

Linganisha. Paneli yako ukiisimamisha kwa ubavu, kama kitabu kwenye rafu, inafika mita 1.13 kwenda juu. Inaingia, na juu inabaki nafasi ya kiganja. Kwa urefu inachukua mita 2.28, nyuma yake inabaki sehemu ya inveta na sanduku la zana. Na kusimama ndiko paneli inavyotaka kusafirishwa. Ukizilaza kumi na mbili moja juu ya nyingine kwenye barabara ya vumbi ya kuingia Kibamba, zile za chini zinabeba mtikisiko wa zote, na seli zinapata nyufa ambazo jicho halizioni. Mteja anakuja kukuuliza mwaka unaofuata kwa nini umeme umepungua. Ukizifunga juu ya keria, upepo wa barabara kuu unazipigapiga safari nzima. Zisimamishe ndani, weka mpira au godoro jembamba chini, zifunge kwa mkanda kwenye ubavu wa gari.

Sasa uzito. Chukua kazi yako ya kawaida ya nyumba: paneli 12, kilo 336. Betri 4 za jeli za 200 Ah, kila moja kama kilo 60, jumla 240. Inveta kilo 12. Fremu na reli kilo 60. Nyaya, breka na paipu kilo 40. Zana kilo 80, ngazi kilo 20. Hapo tumefika 788. Ongeza rafu na ukuta wa chuma nitakaokulazimisha kuweka, kilo 100. Sasa ni 888. Ninyi watatu mnakaa mbele, na Wajapani katika hesabu zao humkadiria kila abiria kilo 55, mbali na mzigo. Ikiwa kila mmoja wenu ana kilo 75, mmezidi kwa kilo 60. Jumla 948.

Fungua mlango wa nyuma wa Hiace yoyote ya mzigo iliyotoka Japani, utaona kibandiko cha maandishi ya Kijapani chenye namba ya kilo. Sheria yao inalazimisha kiwepo. Mara nyingi kimeandikwa 1000. Vingine vina namba mbili, ya pili ikiwa kwenye mabano na ni ndogo zaidi: hiyo ndogo ni mzigo unaoruhusiwa viti vya nyuma vikiwa na watu. Kwa gari la 1000, safari yako ya kawaida inabakiza kilo 52. Ukipita dukani kuchukua mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa ajili ya kusimika nguzo, gari limejaa. Na macho yako yatakuambia bado kuna nafasi tele, kwa sababu betri ni nzito lakini hazichukui nafasi. Hapo ndipo mafundi wa sola wanapoangamiza magari yao bila kujua. Fundi wa dari za jipsamu anajaza gari mpaka juu na hajafika nusu ya uzito. Wewe unazidisha uzito na gari linaonekana tupu.

Usije ukaambiwa kwamba dawa ni kuongeza springi. Najua gereji zote zinafanya, na gari kweli linanyanyuka mkia, linapendeza. Lakini ekseli ni ileile, breki ni zilezile, tairi ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa huoni tena kuwa umezidisha. Nimeona Hiace iliyoongezwa springi ikishindwa kusimama kwenye mteremko wenye mvua, na ndani yake walikuwa vijana wawili wa rika la hao wako. Walipona. Tangu siku ile gari la mtu likiletwa kwangu kuongezwa springi, namuuliza kwanza anabeba nini.

Dawa iko kwenye kazi yenyewe. Betri moja ya lithiamu ya kWh 5 ina kilo 50 hivi, na umeme unaoweza kuutumia humo ni karibu sawa na wa hizo nne za jeli, kwa sababu za jeli hupaswi kuzishusha chini ya nusu. Kila mteja anayekubali lithiamu anakupunguzia kilo 190 kwenye ekseli. Ukipata kazi ya betri 8 za jeli, fanya safari mbili au kodi kirikuu kwa siku hiyo. Kodi ya siku moja ni nafuu kuliko kutengeneza difu, ile gia ya ekseli ya nyuma.

Tukishakuwa na vipimo hivi, magari yako matano yanajipanga yenyewe.

Super GL ile ya yadini, iache. Si gari baya, ni gari zuri mno. Wajapani wenyewe wanaigombania kwa mapumziko na safari za familia, ndiyo maana bei yake iko juu. Ina viti viwili tu vya mbele vizuri vyenye kisanduku katikati, na kiti kipana cha nyuma cha watu watatu. Maana yake vijana wako wakae nyuma, na kiti hicho kikikunjuliwa kinakula sakafu, paneli ya mita 2.28 haina pa kwenda. Kikikunjwa unapata sakafu yako, lakini kijana mmoja hana pa kukaa, na ninajua atakaa wapi: juu ya betri. Kuta zake zimevikwa vitambaa na plastiki nzuri ambavyo utavitoboa ukifunga rafu. Unalipia ustarehe halafu unauharibu kwa mikono yako.

DX ile isiyo na zulia ndiyo gari lako. Mbele ina nafasi ya watu watatu, hakikisha tu kwa kuhesabu mikanda, maana nyingine zinakuja na viti viwili. Kuta ni bati wazi, unafunga rafu moja kwa moja kwenye mbavu za bodi. Ukiambiwa "hii ni ya kimaskini," kubali na uliza bei.

Caravan ya rafiki yako nayo nataka uiangalie kwa heshima. Toleo la E26, lililotoka 2012, lina sakafu ya mita 3.05, sentimita 5 zaidi ya Hiace. Sentimita 5 si kitu, utasema. Lakini paipu zako za waya zina urefu wa mita 3. Kwenye Hiace zinaingia kwa kulazimisha au kwa mshazari, kwenye Caravan zinalala zimenyooka na mlango unafungwa. Kinachonirudisha Hiace ni kipuri. Hiace ikikufia Chalinze saa kumi jioni, karibu kila gereji pale imeshawahi kuifungua, na kipuri kikikosekana kinatumwa kutoka Kariakoo kwa basi la asubuhi. Caravan hapa Dar inapatikana kipuri, ila kwa maduka machache na kwa kuulizia. Jirani zetu Kenya wanaiendesha kwa wingi kwenye matatu na wameizoea. Ukiipata safi, kwa tofauti ya bei inayoweza kulipia matengenezo makubwa mawili, ichukue wala usijutie. Tofauti ikiwa ndogo, rudi Hiace.

Kuhusu kaka yako wa Birmingham, mwambie ahsante, na mwambie nimeelewa kwa nini zimeshuka bei. Mji wake tangu Juni 2021 unatoza pauni 8 kwa siku kwa gari dogo lisilofikia kiwango cha moshi likiingia katikati ya mji. London, ambako tozo ni pauni 12.50 kwa siku, ilipanua eneo lake kufunika mitaa yote tarehe 29 Agosti 2023. Kwa dizeli kiwango kinachotakiwa ni Euro 6, ambacho kwa vani kilianza kuwa lazima Septemba 2016. Kwa hiyo mafundi wa kule wanaondoa vani za kabla ya hapo, na ndizo anazoziona kaka yako. Sitakuficha: kwa kazi, vani hizo ni bora kuliko Hiace. Yenye paa la juu unasimama wima ndani yake, sakafu ni ndefu, na fundi wa Uingereza anaifanya karakana kamili.

Lakini uje nayo Kimara. Sprinter inataka fundi mwenye kompyuta ya Mercedes na mwenye kujua kuisoma. Transit za injini ya lita 2 iitwayo EcoBlue, kuanzia 2016, zina mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, unaozunguka ndani ya oili. Oili ikichelewa kubadilishwa mkanda unaanza kumeguka, vipande vinaziba chujio la pampu, injini inakosa oili. Huko kwao ni shida inayojulikana, sembuse hapa ambako tunabadilisha oili siku tunayokumbuka. Na ile ya Euro 6 inahitaji AdBlue, yale maji ya urea ya kusafishia moshi. Gari la kazi likilala gereji wiki tatu likisubiri sensa kutoka ng'ambo, utakuwa unalipa kodi ya kirikuu na huku una gari lako. Ungekuwa na magari mawili ningesema jaribu. Una moja.

Sasa injini, ambayo najua ndiyo uliyotaka nianze nayo. Soma namba ya chesisi. TRH200V ni petroli ya lita 2, injini 1TR. KDH201V ni dizeli ya lita 3, injini 1KD, na KDH206V ni hiyohiyo yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. KDH200V ni dizeli ya lita 2.5, injini 2KD. Zinazoanza na GDH ni dizeli mpya ya lita 2.8, iliyoingia kwenye Hiace za Japani mwishoni mwa 2017, nayo inataka AdBlue.

Dizeli ya 1KD ina nguvu na haichoki. Ukiniambia unapanda Kitonga kila wiki ukiwa na tani moja nyuma, ningekupa hiyo bila kufikiri. Ila ina ugonjwa wake. Chini ya kila nozeli, kile kinachopuliza dizeli kwenye silinda, kuna washa ndogo ya shaba. Ikichoka, moto wa silinda unavuja pembeni, masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuganda juu ya chujio la pampu ya oili. Mshale wa dashibodi hauonyeshi chochote hadi taa ya oili iwake, na ikiwaka mara nyingi injini imekwisha kuungua. Nozeli zenyewe zikifika umri ni ghali, na hazipendi mafuta yenye maji au uchafu. Halafu zile za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi, DPF, ambacho hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Wewe asubuhi unatoka Kimara, foleni ya Ubungo, unazima, unafunga paneli, jioni foleni tena. Kichujio hakipati joto la kujisafisha, kinaziba. Dizeli zote mbili, 1KD na 2KD, pia zina mkanda wa taimingi. Kwa magari ya Japani taa yake huwaka kila kilomita 100,000, na kuna watu huizima taa bila kubadili mkanda.

Petroli ya 1TR inatumia mnyororo badala ya mkanda. Haina nozeli za shinikizo kubwa wala kichujio cha masizi. Inakunywa zaidi, ni kweli. Katika foleni za Dar zile ninazozishughulikia zinakwenda kati ya kilomita 7 na 9 kwa lita, na ikijaa kabisa inapanda mlima kwa kulalamika. Lakini njia ya Morogoro haina mlima wa kuitisha, na safari zako ni fupi. Kwa mwendo wako nakushauri petroli. Ukibahatika kupata ya lita 2.7, injini 2TR, kwa bei inayokaribiana, hiyo inabeba tani moja bila kulia, ingawa bodi ya kawaida yenye injini hiyo ni adimu kuiona hapa. Fanya hesabu ya mafuta ya mwaka mzima, kisha weka pembeni gharama ya nozeli 4 na uone ipi inatangulia.

Juu ya kununua hapa yadini au kuagiza, nina maneno machache. Ukiagiza, bei unayoiona mtandaoni ni ya gari na meli tu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, weka aina, mwaka na injini, uone ushuru, VAT na tozo ya uchakavu kabla hujatuma hata senti. Angalia mwaka wa kutengenezwa, usichanganye na wa kusajiliwa. Karatasi za mnada za Japani huandika miaka kwa hesabu ya wafalme wao: Heisei 25 ni 2013, Reiwa 1 ni 2019. Omba karatasi hiyo ya mnada, na ukaguzi wa gari la mzigo Japani, baada ya miaka 2 ya kwanza, ni kila mwaka, kwa hiyo gari lililotunzwa huwa na rekodi ndefu. Lisilo na karatasi yoyote, lenye kilomita 78,000 na usukani uliolika hadi kung'aa, limesafiri zaidi ya hapo.

Na KDH206V, ile ya kuvuta magurudumu yote, itazame kwa makini zaidi. Nyingi zilitumika mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Juu zinang'aa, chini zimeliwa. Lala chini na tochi. Gonga chesisi kwa bisibisi karibu na mahali springi za nyuma zinaposhikwa. Ikitoa sauti ya bati jembamba, amka, jipanguse, mshukuru mwenye gari uondoke.

Siku ya kukagua fika asubuhi mapema, na umwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti na viti, viwe baridi. Injini yoyote inajificha ikiwa moto. Kama ni dizeli, sikiliza dakika ya kwanza: ukisikia sauti ya kugongagonga na kuona moshi mweupe usioisha, nozeli hizo. Fungua kifuniko cha oili, tazama kama kuna utando mzito mweusi kama lami. Sukuma mlango wa ubavuni mara kumi, wa DX ya kazi huwa umefunguliwa maelfu ya mara, na roli zake za chini zikiisha mlango unaning'inia na mvua inaingia kwenye inveta yako. Inua kipande cha sakafu kama kipo, kutu huanzia kwenye pete za kufungia mizigo. Kisha endesha ukiwa umepakia. Ndiyo, omba kupakia. Vijana wako wawili na mifuko sita ya saruji, kilo 300. Gari tupu halisemi ukweli wake.

Nataka tuzungumze tairi kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo pesa ndogo inapoua watu. Hiace hii inavaa 195/80R15, na pembeni kwenye tairi sahihi utaona 107/105 na herufi LT. Namba 107 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 975. Dukani utapewa tairi yenye ukubwa uleule, 195/80R15, imeandikwa 96, na bei ni ya chini. Ile 96 ni kilo 710. Kwa macho ni pacha, zinaingia kwenye rimu ileile, na muuzaji hakudanganyi kwamba "size ni hiyo." Zikipata joto la saa mbili za kwenda Morogoro na betri zako zimekaa juu ya ekseli ya nyuma, hapo tofauti inaonekana. Soma pia tarakimu nne za mwisho za tarehe: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Magari mengi kutoka Japani yanakuja na tairi zenye kashata nzuri lakini za zamani. Tenga pesa ya tairi tano mpya tangu sasa, na usizihesabu kama matengenezo, zihesabu kama sehemu ya bei ya gari.

Tenga pia pesa ya ukuta. Hiace haina kitu chochote kati ya mgongo wako na mzigo. Betri ya kilo 60 ukifunga breki ghafla Mbezi Mwisho haitabaki ilipo, inakuja mbele, na mbele uko wewe na watoto wa watu. Mtafute fundi wa kuchomelea akutengenezee kizuizi cha bomba la mraba na wavu mzito nyuma ya viti, kifungwe kwa bolti kwenye mbavu za bodi na sakafuni, si kwa riveti za bati. Betri zikae chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma, zifungwe kwa mikanda ya kukaza. Ukiziweka mlangoni kwa kuwa ndipo ni rahisi kuzishusha, mkia unalala, usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele zinapoteza mshiko.

Keria ifungwe kwenye mifereji ya pembeni ya paa kwa vibano. Mtu asitoboe paa lako. Juu weka ngazi na paipu tu, na paipu za mita 6 zinazotokeza nyuma zifungwe kitambaa chekundu. Kufuli za nyongeza kwenye mlango wa nyuma na wa ubavuni weka siku ileile ya kuchukua gari, kwa sababu mafundi wengi huibiwa zana wiki za mwanzo, kabla hawajazoea kwamba sasa stoo yao inalala barabarani.

Ukijumlisha tairi, ukuta, rafu, keria, oili zote na mnyororo au mkanda kuangaliwa, usinunue gari kwa pesa yako yote. Baki na kama sehemu moja ya tano. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuikimbia Super GL: ingekumaliza mfuko, kisha ungeendesha miezi sita na tairi za zamani na bila ukuta, ukisema utaweka mwezi ujao.

Jumamosi nenda kwa yule dalali wa DX. Usiende na pesa. Kodi kirikuu kwa mara nyingine, kipakie paneli moja halisi ya 550, betri moja, paipu moja ya mita 3 na vijana wako wote wawili. Chukua futi. Pima mlango wa nyuma wenyewe, juu hadi chini, maana mdomo wa mlango ni mfupi kuliko dari. Ingizeni paneli ikiwa imesimama, fungeni mlango, kaeni watatu mbele na mfunge mikanda mitatu. Kisha nitumie namba ya chesisi na picha ya kibandiko cha kilo, nikuangalizie kabla hujaweka sahihi.